Rinda la Bendera

Binti yangu alipokuja likizo ya Aprili kutoka Bungoma, aliketi kwenye benchi ya kibanda changu cha kushonea hapa Kitale, akaitazama bendera niliyokuwa nimetoka kuipiga pasi, akasema, "Mami, hiyo langi nyekundu imeiva kabisa."

Langi. Nikaweka pasi chini nikamwangalia. Mtoto huyu nilimzaa mimi na nikamfundisha kusema mimi, na mpaka alipoondoka kwangu alikuwa akisema "shai" badala ya chai na "chamba" badala ya shamba, jinsi tunavyosema sisi wote ambao wazazi wetu walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima Trans-Nzoia. Makosa yale yalikuwa yetu, mimi na yeye na nyanya yangu. Sasa alikuwa amenirudia na makosa ya mtu mwingine.

Mtu mwenyewe ni mwalimu. Baba yake binti yangu na mimi tuliachana zamani, bila polisi na bila kurushiana sufuria, kisha yeye akaenda akaoa mwalimu wa shule moja upande wa Sirisia, huko Bungoma. Watu wa soko hupenda kumwita mke mwenzangu. Mimi sikuwahi kuwa na mke mwenza. Nilikuwa na mume, halafu nikawa sina, na baadaye kidogo nikasikia kwamba yuko na mwingine. Hayo niliyameza. Kilichonishinda kumeza ni pale binti alipofika gredi ya saba, shule ya hapa kwetu haina mwalimu wa hesabu wala wa sayansi, na ile ya mwalimu inao wote. Tukakubaliana aende akasome kule mpaka amalize gredi ya tisa. Kisha angerudi Kitale kuendelea na masomo, akae na mimi. Nilikubali kwa mdomo. Na tangu siku aliyobeba sanduku lake nilikuwa nikingoja kitu kimoja tu, arudi, na awe bado ni wangu.

Sasa langi.

Mambo ya bendera yalikuwa yangu na yeye tangu akiwa mdogo. Mimi hushona sare za shule, lakini bendera ndizo zilizonipa jina. Kila sikukuu ya taifa ikikaribia wanakuja walimu wakuu, watu wa ofisi za machifu, hata wenye hoteli, na binti alikuwa akikaa chini ya meza akichezea vipande vinavyobaki. Jioni tukipita karibu na ofisi za serikali, ile filimbi ya kushusha bendera ikilia, tulikuwa tukisimama wima, yeye ameshika kidole changu, boda boda zimezima, mama wa ndizi ameganda na beseni kichwani, mpaka filimbi ilie tena na kila mtu aendelee na shughuli yake. Alikuwa akiniuliza kwa nini tunasimama. Nikamweleza nilichoelezwa na nyanya yangu.

Nyanya yangu hakusoma, lakini kuhusu bendera hakuwa na mchezo. Alikuwa kijana wakati Mwingereza alipotangaza hali ya hatari, akafungiwa pamoja na wenzake katika vile vijiji vya kuzungushiwa mitaro, na nyekundu kwake haikuwa rangi ya kukariri. Nyeusi ni sisi watu, alisema. Nyekundu ni damu ya kaka zake walioingia msituni. Kijani ni hii ardhi, na hapo alikuwa akipiga mguu chini, kwa sababu shamba lake la Endebess lilikuwa limetoka mikononi mwa mzungu, na yeye na wenzake walilinunua kwa kuchangishana. Nyeupe alisema iliongezwa baadaye. Bendera ya wale waliopigania uhuru ilikuwa na rangi tatu tu, na uhuru ulipofika ikawekwa ile mistari myembamba ya amani katikati, na juu yake ngao na mikuki miwili, ili anayekuja na amani akaribie na anayekuja na mengine ajue tuko macho.

Ila hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya usiku wenyewe wa uhuru. Hakuwepo Nairobi, lakini aliisimulia kana kwamba alikuwa ameshika kamba. Saa sita ilipofika, alisema, taa za uwanja zilizimwa. Bendera ya Mwingereza ikashushwa gizani, watu wasiione. Taa zilipowashwa ikawa yetu ndiyo iliyo juu. Nyanya alikuwa akicheka sana hapo. Mwingereza alikubali kuondoka, alisema, lakini hakukubali kutazamwa akishuka. Nilipokuwa msichana nilidhani hiyo ni hadithi ya ushindi wetu. Siku hizi naona ni hadithi ya wivu, na yule Mwingereza namwelewa vizuri kuliko ninavyopenda.

Basi hiyo Aprili nikamwambia binti, ili tuanze mahali tulipozoea, "Nyanya yangu angeipenda nyekundu hii. Damu ya kaka zake."

Binti akapangusa benchi kwa kiganja. "Lakini mami, nyekundu si ya watu wenu peke yao. Mayi alitufundisha darasani. Hata kule watu walipigana na Mwingereza, tena mapema kuliko nyinyi. Walimpinga juu ya mlima, ndani ya boma lao, akawaua na bunduki. Hakuna mtu anawataja."

Sikusikia habari ya mlima wala ya boma. Nilisikia "watu wenu". Nikasikia "mayi", kwa maana watoto wa kule ndivyo wanavyomwita mama. Nilikuwa nimeambiwa kwamba anamwita mwalimu, kama wanafunzi wengine wote. Nikamuuliza polepole tangu lini mwalimu amekuwa mayi. Akasema ni mazoea tu, kila mtoto pale nyumbani anasema hivyo. Nyumbani. Sikumkaripia, nikarudi kwenye cherehani na wivu wangu, nikaharibu kola ya sare ya mtu.

Usifikiri nilikuwa nikibishana na historia. Mwalimu alisema kweli, na nilijua alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Kama angekuwa mjinga ningemdharau nikalala vizuri. Kama angekuwa mkali kwa mtoto ningempeleka kwa chifu. Lakini mtoto alikuwa amenenepa, anajua hesabu, anapiga magoti akisalimia wakubwa, na alikuwa akiongea juu ya bendera, ambayo ni kazi ya mikono yangu, kwa maneno ya mwanamke ambaye sidhani amewahi kushona hata kifungo. Mwalimu alimwambia pia kwamba nyeupe inatuunganisha. Mimi niliyeishona ile nyeupe miaka yote najua inafanya nini. Ni utepe mwembamba unaowekwa ili nyeusi isiguse nyekundu na nyekundu isiguse kijani, na ukiulegeza kidogo tu bendera nzima inakunjamana. Inatenganisha. Nilimwambia binti hivyo. Akasema ataenda kumuuliza mayi.

Likizo ikaisha akaenda. Agosti alikuja siku chache tu, kwa sababu ya mazoezi ya skauti. Kisha Oktoba, siku ya Mashujaa ikikaribia na kibanda kimejaa kazi, kwenye simu yangu ukaingia ujumbe wa mwalimu. Huwa haniandikii mara nyingi. Aliandika hivi: "Habari dada. Mtoto amechaguliwa rinda bendera siku ya Mashujaa uwanja wa shule. Karibu sana umuone."

Nilisoma nikacheka peke yangu. Amechaguliwa, rinda bendera. Mtoto ataimba au atasema shairi mbele ya watu wakubwa, amevaa rinda la rangi za bendera, kama wanavyovaa watoto wa kwaya siku hizo, na mwalimu na elimu yake yote hajui kushona. Alikuwa amenihitaji. Niliusoma ule ujumbe tena na tena, na kila niliposoma nilizidi kumwona ameinama.

Niliacha kazi za watu. Nilikata kifua cheusi, kiuno chekundu, na sketi ya kijani yenye marinda mapana, nikatenganisha kila rangi na utepe mweupe ulionyooka. Kifuani nikatarizi ngao kwa mkono, na mikuki yake imepishana nyuma yake. Sikuwahi kushona kitu kizuri vile. Jirani yangu wa kibanda, mama anayeuza sufuria, alikuja akasimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Unashonea nani? Waziri?"

Nikamwambia ni la binti. Akalishika, akaligeuza, akaniuliza nimepata wapi vipimo wakati mtoto yuko mbali. Nikasema mtoto wangu namjua. Akaniambia, na alinena kwa upole, nimpigie mwalimu simu dakika moja tu, mtoto wa umri ule anakua kila kukicha. Niliona afadhali nimeze sindano. Vipimo vya mwili wa binti yangu nikaulize kwa mwanamke mwingine? Jirani akatikisa kichwa akarudi kwenye sufuria zake.

Siku ya Mashujaa niliondoka alfajiri nikapitia Kimilili na Chwele, rinda limekunjwa ndani ya karatasi ya kaki mapajani mwangu. Nilipofika uwanja wa shule, mahema yalikuwa yamejaa, wazee wa kijiji mbele na kofia zao, kwaya za kanisa zinajipanga. Mwalimu alikuja kunilaki mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, mpole, na siku hiyo alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha kijani. Akanishika mikono miwili.

"Kalibu dada. Umechoka na safari? Mtoto alisema utakuja, mimi nikasema akishindwa tusimlaumu."

Nikamuuliza mtoto yuko wapi, niharakishe kumvalisha. Akaniuliza kumvalisha nini. Nikafungua karatasi.

Akalitazama lile rinda kwa muda. Wanawake waliokuwa karibu wakasogea, mmoja akasema ati limeshonwa Nairobi.

"Si uliniandikia," nikamwambia mwalimu. "Rinda bendera."

Niliona jambo lenyewe linavyomwingia kichwani. Hakucheka, na mpaka leo natamani angecheka. "Kurinda, dada," akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Kurinda bendera. Kusimama pale chini ya mlingoti na kuiangalia, isiguswe na mtu mpaka jioni."

"Linda," nikasema.

"Ndio. Rinda."

Na hapo sikuweza hata kumcheka mwalimu mzima kwa kuandika anavyotamka, kwa sababu nilijisikia nilivyolitoa lile neno mimi mwenyewe. Watu wa kwake hubadilisha l na r, hii mahali pa ile, na sisi l hatuna kabisa. Kinywani mwangu kulinda na rinda vimetoka sawasawa tangu nizaliwe, na nyanya yangu mpaka anakufa aliomba Mungu aturinde. Mtu wa pwani angepita pale angetusikia tukirushiana neno moja na angedhani tumepatana.

Wakati huohuo binti akatokea. Alikuwa amevaa sare ya skauti, shati la kaki, skafu shingoni, soksi zimepandishwa mpaka magotini. Alinikumbatia. Kisha akaliona rinda, akamtazama mayi wake, kisha mimi, akajua. Mtoto ana adabu. Alilichukua akalipima kifuani pake, na mabega yakalipita pande zote mbili. Sketi ilikomea juu ya magoti. Nilikuwa nimemshonea yule mtoto aliyeniacha na sanduku. Huyu aliyesimama mbele yangu nilikuwa simjui kipimo.

"Ni zuri sana mami," akasema. "Pole."

Mwalimu akaniomba, kama sitajali, nimwachie alitundike darasani, watoto wa madarasa ya chini wajifunze rangi kwa kuziona. Alisema ile ngao hajawahi kuona imetariziwa vile. Alikuwa akinipa heshima mbele ya watu, niliona wazi, na kila neno jema alilosema lilinichoma zaidi. Nikamjibu kwamba sitaki. Nikalikunja tena katika karatasi nikalikalia kwenye kiti, ndiyo, nikalikalia, na sherehe ikaanza.

Bendera ilipandishwa imekunjwa, ikafika juu, kamba ikavutwa na ikafunguka. Filimbi ikalia na uwanja wote ukasimama. Binti yangu na msichana mwingine walikuwa chini ya mlingoti, mmoja kila upande, fimbo zao zimeshikwa wima. Nilisahau hasira kwa muda ule. Alikuwa amesimama sawasawa, nzi alimtua shavuni na hakumfukuza, na nilitaka kumwambia kila mtu chini ya lile hema kwamba huyo ni wangu, mimi ndiye niliyemfundisha kusimama filimbi ikilia.

Hotuba zikafuata. Jua likapanda. Viongozi wa huku, unajua, wakipewa kipaza sauti hawana haraka nacho. Katikati ya hotuba ya nani sijui nikaona binti anaanza kuinamisha kichwa, uchovu umemshika. Nikajisogeza mbele kwenye kiti, nikamkazia macho, nikamwombea anitazame ili nimpe nguvu. Akainua macho. Yalipita juu ya kiti changu bila kusimama, yakaenda mpaka kwenye safu ya walimu. Mwalimu akainua kidevu chake kidogo tu, hata jirani yake asingeona. Na binti akainua cha kwake, akakaza mgongo, akatulia.

Nimewahi kuona kijicho cha mali, cha nyumba ya mawe, cha mtu mwenye mume anayerudi nyumbani mapema. Vyote hivyo vinapita ukishiba. Hiki kilikuwa kitu kingine. Watu wawili walikuwa na lugha yao ya kidevu, na mmoja wao nilimzaa mimi.

Baada ya chakula cha wageni rasmi, mwalimu alitupeleka kwake. Ni karibu na shule, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu na ua uliofagiliwa. Mume wangu wa zamani, wake wa sasa, alikuwa safarini, na nikashukuru. Skauti mwingine alikuwa amempokea binti zamu ya kwenye mlingoti ili aje ale nami. Mwalimu akatuacha sebuleni akaingia jikoni kupakua kuku. Alituachia nafasi makusudi. Hata hilo aliliwaza.

Nikamwambia binti, "Ukimaliza mtihani wa gredi ya tisa nakuja kukuchukua. Kama tulivyokubaliana."

"Najua mami. Nimeshachagua shule ya Kitale."

Nilipaswa kuishia hapo. Nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta, na mtu mwenye akili akipewa hushukuru akanyamaza. Lakini alikuwa amelitoa lile jibu haraka mno, kama fungu la Biblia la kukariri.

"Na wewe mwenyewe ulitaka wapi?"

Akaanza kuzichezea soksi zake. Nje kulikuwa na ngoma za kwaya zikirudi makwao. "Mimi nilitaka hapa," akasema.

"Sasa Kitale umeichagua kwa nini?"

"Mayi ndiye alisema. Alisema nikibaki huku wewe utaumia sana. Ati yeye iko na watoto wengine, na wewe uko na mimi tu."

Sauti ya mwiko jikoni ilikuwa imekoma. Pazia ndilo lililotutenga, na niliona miguu yake chini ya pazia, imesimama na viatu vyake vizuri vya sherehe. Alikuwa anasikia. Alikuwa amenipa mtoto wangu mwenyewe, amemfunga vizuri na kumkabidhi, na sasa alikuwa amesimama pale akingoja nipokee.

Najua alichotakiwa mama kusema. Wapo wanawake tunaowasifu kanisani ambao wangesema, mwanangu, baki mahali unapofurahi, mimi nitakuja kukutembelea. Maneno yale yalinijia, yakafika mpaka kwenye ulimi. Kisha nikafikiria kibanda jioni bila mtu. Nikafikiria kile kidevu. Nikasema moyoni, kama ni kwa huruma, basi na awe wangu kwa huruma.

"Basi uje na blanketi zako zote," nikamwambia. "Kitale kuna baridi."

Binti yangu, aliyezaliwa Kitale na kulala Kitale miaka yake yote ya utoto, mgongo wake ukiwa kifuani pangu, alinitazama kwa adabu.

"Asante kwa kuniambia mami," akasema. "Nitabeba."